Majina ya Mtoto Asiyetulia

Jina ni jepesi kinywani lakini ni zito maishani. Mtoto akiitwa mwizi, macho yote humfuata apitapo dukani. Akiitwa mgonjwa, mikono yote humnyoshea msaada. Akiitwa mpumbavu, mwisho yeye mwenyewe husadiki. Tendo lile lile likipewa majina mawili hupata hukumu mbili. Kwa sababu hii watu wenye busara huuliza maswali matatu kabla ya kulipokea jina: nani amelitoa, amelitoa wapi, nalo litampeleka wapi yule aliyepewa?

Katika insha hii nataka kusimulia habari za mtoto mmoja anayejulikana katika kila kijiji: yule asiyeweza kuketi, aanzaye mambo kumi asimalize hata moja, asahauye daftari nyumbani na viatu shuleni, ajibuye swali kabla halijaisha kuulizwa. Mtoto huyu amekuwako Kwale tangu zamani, na majina yake yamekuwa mengi. Siku hizi amepata jina jipya la herufi nne za Kiingereza, ADHD, ambalo maana yake ni upungufu wa umakini pamoja na wingi wa pupa na harakati. Jina hili halikuja kwa jahazi wala kwa kitabu. Kwa vijana wengi wa Diani, Ukunda na Msambweni limekuja kwa simu ya mkononi, katika video fupi ambazo vijana wa London na Chicago huzitazama vile vile. Je, ujio wake ni heri au ni shari? Ili tujibu kwa haki yatupasa kwanza turudi nyuma.

Nchi ya Kwale huanzia kusini ya Likoni na kuendelea mpaka Vanga na Lunga Lunga, mpakani mwa Tanzania. Pwani yake ina Tiwi, Diani, Gazi, Msambweni na Shimoni. Bara yake ina vilima vya Shimba na nyika ya Kinango. Wadigo na Waduruma ndio wengi wa wenyeji wake. Katika maisha ya zamani ya nchi hii mtoto asiyetulia hakuhesabiwa kuwa msiba mkubwa. Kazi nyingi zilitaka miguu myepesi: kuchunga mbuzi, kufukuza ndege na nyani mashambani, kuokota nazi, kuvuta nyavu. Aliyechoshwa na kazi moja alirukia nyingine, na jioni alikula chakula chake kama wenzake.

Taabu ilianza pale alipoketishwa. Chuoni aliketi mkekani na ubao wake mkononi. Shuleni aliketi dawatini na kalamu yake. Hapo mwendo wake, uliokuwa fadhila kondeni, uligeuka kuwa kosa. Darasa ni kipimo kipya, na kila kipimo kipya huzaa majina mapya.

Majina ya kwanza yalikuwa mawili. Jina moja lilikuwa utundu, na dawa ya utundu ilikuwa bakora. Jina la pili lilikuwa pepo, au jini, au kijicho cha watu, na dawa yake ilitafutwa kwa wajuzi wa mambo hayo. Mganga wa mburuga alitazamia; mwalimu aliandika aya kwa zafarani katika sahani, zikaoshwa kwa maji, na mtoto akanyweshwa kombe; hirizi ilifungwa shingoni; na pepo mzito alipigiwa ngoma usiku kucha. Tusiwacheke wazee wetu kwa haya. Aliyeitwa mwenye pepo alipata angalau jambo moja ambalo aliyeitwa mtundu hakulipata: watu walikusanyika kwa ajili yake, wakasema kuwa kosa si lake. Mtundu alipigwa peke yake. Nchini Kenya adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku mwaka 2001, lakini jina la utundu halikufutwa na sheria, na hata leo wako watoto wanaolibeba kama mzigo.

Kwamba jina laweza kuponya au kuua, watu wa pwani wamelijua kwa ugonjwa mwingine. Mtoto mdogo akishikwa na homa kali, akakakamaa viungo na macho yakapinduka, katika sehemu nyingi za pwani ya Afrika Mashariki waliitwa waganga, ikasemwa kuwa ni degedege, yaani mtoto amepitiwa na ndege mbaya wa angani. Wengine walishika pia kwamba sindano ya hospitali humuua mtoto mwenye degedege. Aghalabu homa ile ilikuwa malaria iliyopanda kichwani, na kila saa iliyopotea katika mafusho ilikuwa saa ya hatari. Mwaka 1897 Ronald Ross aliona kijidudu cha malaria katika mwili wa mbu, na tangu hapo waganga wa hospitali walijua pa kuanzia. Hata hivyo elimu ile ilichukua miaka mingi kufika majumbani. Ilipofika, jina likabadilika, na jina lilipobadilika, njia nayo ikabadilika: mama aliyekuwa akielekea kwa mganga akaelekea zahanati. Hiyo ndiyo faida ya jina la kweli. Tukumbuke kuwa jina la uongo nalo lilikuwa na njia yake, na watoto wengi walizikwa kando ya njia hiyo.

Sasa tuvuke bahari tuone jina la ADHD lilivyozaliwa. Mwaka 1798 tabibu wa Kiskoti, Alexander Crichton, aliandika juu ya watu ambao akili yao haiwezi kudumu katika jambo moja, akasema kuwa hali hiyo yaweza kuzaliwa na mtu. Mwaka 1902 George Frederic Still, mganga wa watoto wa mjini London, alitoa mihadhara juu ya watoto wenye akili timamu ambao walishindwa kujizuia. Yeye alifikiri kasoro yao imo katika uongozi wa maadili. Basi hata yeye, pamoja na elimu yake, hakuwa mbali sana na mwalimu mwenye bakora. Mwaka 1937 Charles Bradley, huko Rhode Island katika Marekani, aliwapa watoto fulani dawa ya kuchangamsha mwili, akashangaa kuona kuwa badala ya kuzidi kuruka walitulia wakafanya kazi za shule. Mwaka 1944 Leandro Panizzon, mkemia wa Uswisi, alitengeneza dawa nyingine ya namna hiyo, na baadaye ikauzwa kwa jina la Ritalin, lililotokana na jina la mkewe.

Hata kwa wataalamu jina halikutulia. Mwaka 1968 kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kiliutaja ugonjwa huu kuwa ni wingi wa harakati za utotoni. Mwaka 1980 kiliuita upungufu wa umakini. Mwaka 1987 kiliunganisha mambo hayo mawili, na hapo ndipo zilipopatikana herufi zile nne. Toleo la mwaka 2013 lilieleza masharti yake waziwazi. Dalili ziwe nyingi, si moja wala mbili. Ziwe zimedumu kwa miezi sita au zaidi. Baadhi yake ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12. Zionekane mahali zaidi ya pamoja, kama vile nyumbani na shuleni. Ziwe zimeharibu kweli masomo, kazi au mwenendo wa mtu na wenzake. Tena zisiwe zimeletwa na sababu nyingine. Watafiti waliokusanya hesabu za nchi nyingi hukadiria kuwa ugonjwa huu huwapata kama watoto 5 katika kila 100. Basi ni ugonjwa wa kweli, wala si mchezo wa Wazungu. Lakini pia si wa kila mtu.

Nawaomba wasomaji wayashike masharti hayo, maana ndiyo mizani tutakayopimia habari za simu. Lakini kabla ya kuifikia simu, Kwale yenyewe ina kisa chake juu ya umakini wa watoto, na ni kisa ambacho wenyeji wengi hawakijui.

Mwaka 2008 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa katika shule 30 za msingi za Bondo, magharibi ya Kenya. Watoto waliopewa dawa ya kuzuia malaria walipungukiwa na upungufu wa damu karibu kwa nusu, na katika mitihani ya umakini darasani waliwashinda wenzao. Habari hiyo iliwafurahisha watu wengi: yamkini mtoto asiyesikiliza si mtundu wala hana pepo, bali ana vijidudu vya malaria damuni asivyovijua. Wataalamu wakataka kulijaribu jambo hilo pwani kwa njia nyingine. Tangu mwaka 2010 mpaka 2012, katika shule 101 za msingi za wilaya zilizokuwa zikiitwa Kwale na Msambweni, watoto zaidi ya 5,000 waliangaliwa. Katika nusu ya shule hizo watoto walipimwa malaria kila muhula, na walioonekana kuwa nayo wakatibiwa. Umakini wao ulipimwa pia: wakubwa kwa kusikiliza tarakimu nyingi na kuvizia alama fulani, wadogo kwa kugonga penseli kwa kufuata maagizo.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2014, nayo hayakuwa kama ilivyotumainiwa. Afya haikuonyesha tofauti ya maana, wala umakini haukuonyesha. Yamkini malaria haikuenea sawasawa katika nchi ile, na waliotibiwa waliweza kuambukizwa tena kabla muhula haujaisha. Je, kazi ile ilikuwa bure? La. Watu wale walikuwa na dhana nzuri, wakaipima, ikakataa, nao wakaandika mbele ya ulimwengu kuwa imekataa. Adabu hiyo ndiyo itofautishayo maarifa na uvumi, maana uvumi haujapata hata siku moja kutangaza kuwa umekosea.

Tena kulikuwa na sehemu ya pili ya kazi ile. Katika baadhi ya shule hizo hizo walimu wa madarasa ya mwanzo walifundishwa namna bora ya kufundisha kusoma, kisha kwa miaka miwili waliletewa ujumbe mfupi katika simu zao za mkononi, wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Hapo tofauti ilionekana. Watoto walisoma vizuri zaidi, na walioacha shule walipungua kutoka kama 5 katika kila 100 hadi 2. Basi katika nchi hii ya Kwale simu imekwisha kuonekana kuwa chombo cha heri. Lakini tuangalie ilikuwa heri kwa sharti gani: ujumbe ulitoka kwa mtu ajulikanaye, ukaenda kwa mtu ajulikanaye, kwa kusudi lijulikanalo, na matunda yake yakahesabiwa.

Simu ya leo ina habari nyingine. Mwaka 2009 nyaya kubwa za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zilifika Mombasa, na intaneti ikaanza kuwa rahisi kuliko zamani. Machi 2020 shule za Kenya zilifungwa kwa ajili ya korona, na wanafunzi wengi hawakurudi madarasani mpaka Januari 2021. Katika miezi hiyo mirefu simu ya mzazi ilikuwa darasa, uwanja wa mchezo na baraza. Mwaka 2023 uchunguzi wa taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford, uliofanywa katika nchi nyingi, uliona kuwa watu 54 katika kila 100 walioulizwa nchini Kenya walitumia TikTok, kiasi kilichozidi cha nchi nyingine zote zilizoulizwa. Kwa mlango huo ndipo jina la herufi nne lilipoingia.

Tuanze na faida zake, maana si haki kumlaani mgeni kabla hajaweka mzigo chini. Faida ya kwanza ni kuondoa aibu. Tumfikirie msichana wa Msambweni ambaye tangu darasa la kwanza ameambiwa kuwa ni mvivu. Yeye haruki wala hapigi kelele. Huketi kimya akitazama dirishani, na mwalimu humaliza somo yeye yuko mbali. Watoto wa namna hii, hasa wasichana, husahauliwa, kwa kuwa mtu asiyesumbua hachunguzwi. Siku moja anamwona katika simu mwanamke mzima akieleza hali kama yake, akisema kuwa aliteseka miaka mingi mpaka alipopata msaada. Msichana huyu analia, na machozi yake ni ya kutua mzigo. Kwa mara ya kwanza anadhani kuwa labda yeye si mvivu. Dhana hiyo peke yake yaweza kumrudisha mtoto kitabuni.

Faida ya pili ni kufika pasipofikika. Madaktari wa akili nchini Kenya ni wachache, na wengi wao wako Nairobi na katika miji mikubwa. Mzazi wa Lunga Lunga mwenye mtoto wa namna hii ana safari ndefu na nauli nzito mbele yake, na pengine hajui hata aulize nini afikapo. Maelezo mazuri yaliyotolewa na mganga mwenye elimu, kwa lugha nyepesi, humfikia kwa thamani ya bando dogo. Faida ya tatu ni ujirani. Mama aliyedhani kuwa mtoto wake ni wa peke yake ulimwenguni huwaona wazazi wenzake wakisimulia shida zile zile na hila walizozitumia: kuigawa kazi kubwa vipande vidogo, kumketisha mtoto karibu na mwalimu, kumpa nafasi ya kutembea kidogo kati ya somo na somo. Haya ni mambo mema, tena hayahitaji fedha.

Lakini asali hukaa na nyuki. Mwaka 2022 madaktari wa Kanada walizichunguza video 100 za TikTok juu ya ADHD zilizopendwa kuliko nyingine. Katika hizo, 52 zilikuwa za kupotosha; 27 zilikuwa masimulizi ya watu juu ya maisha yao wenyewe; na 21 tu ndizo zilizokuwa na mafunzo ya kufaa. Mwaka 2025 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha British Columbia, nchini humo humo, walirudia kazi ya namna hiyo. Video 100 walizozipima zilikuwa zimetazamwa karibu mara milioni 500, na madai yaliyopatana na masharti ya wataalamu hayakufika nusu. Waliona pia kwamba vijana waliozoea kuzitazama zaidi walidhani ugonjwa huu umeenea kuliko ulivyoenea kweli.

Upotovu wenyewe aghalabu si uongo mtupu. Ni kweli iliyokatwa mkia. Msemaji husema, "Ukisahau funguo, ukichelewa kulala, ukichoka kusoma, una ADHD." Kila mtu husahau funguo. Masharti ya miezi sita, ya utoto, ya mahali zaidi ya pamoja na ya madhara ya kweli, yote huachwa, kwa kuwa hayaenei katika dakika moja na hayapendezi. Ni sawa na kusema kuwa kila mwenye kukohoa ana kifua kikuu. Na wengine husema hivyo wakiwa na bidhaa pembeni: kidonge, kitabu au mafunzo ya kulipia.

Hatari ya pili ni kwamba jina lisilo la mahali pake hulifunika jina la kweli. Huko Msambweni ugonjwa wa kichocho umechunguzwa na wataalamu tangu miaka ya 1980, nao huwapunguzia watoto damu na kuwachosha. Mtoto mwenye kichocho, mwenye minyoo, asiyesikia vizuri sikio moja, asiyeona ubao, aliyekuja shuleni bila kula, aliyefiwa na mama, au aliyekesha akitazama simu hiyo hiyo, wote hawa huonekana darasani kuwa hawatulii. Tukiwapa wote jina moja kutoka kwenye simu, mwenye njaa atakosa chakula, na asiyesikia atakosa tiba ya sikio. Hapo tutakuwa tumefanya yale yale ya degedege, ila kwa jina la kisasa. Tena dawa za ugonjwa huu ni kali, na hutolewa kwa amri ya daktari peke yake. Kijana anayejitafutia za kununua kwa sababu ya video anacheza na moyo wake na akili yake.

Hatari ya tatu ina kinaya ndani yake. Mwaka 2018 ilitangazwa habari ya wanafunzi 2,587 wa Los Angeles, wa umri wa miaka 15 na 16, waliofuatwa kwa miaka miwili. Waliotumia mitandao na vyombo vya namna hiyo mara nyingi zaidi walionekana baadaye kuwa na dalili za ADHD zaidi kidogo kuliko wenzao. Uchunguzi ule haukuthibitisha kuwa simu ndiyo chanzo. Lakini mtu atafutaye utulivu ndani ya chombo kinachobadilisha picha kila nusu dakika ni kama atafutaye ukavu ndani ya bahari.

Wengine husema kuwa simu imemshinda mganga wa ramli, kwa kuwa hii ni sayansi na ile ilikuwa dhana. Mimi nawaona ni ndugu kwa jambo moja. Mpiga ramli hodari humtazama mteja usoni. Hutaja neno hili na lile, na aonapo macho yameshtuka, huendelea papo hapo, mpaka mteja anasadiki kuwa siri zake zote zimejulikana. Simu nayo hukitazama kidole chako. Ukikawia juu ya video moja ya huzuni, hukuletea kumi. Ukikawia juu ya ugonjwa mmoja, kesho huoni kitu kingine, nawe hudhani kuwa ulimwengu wote unashuhudia juu yako. Lakini iko tofauti moja, nayo haiipi simu sifa. Mganga alikuwa na nyumba, na akikosea kijiji kilimjua. Hata waandishi walikuwa hivyo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti lake la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, jina lake lilijulikana, na aliyechukizwa na maneno yake alijua mlango wa kubisha. Msemaji wa video yuko mbali, jina lake pengine si lake, na akipotosha watu elfu hapana mlango wa kubisha.

Tufanye nini basi? Kuivunja simu si shauri, kwa kuwa tutauvunja pamoja nayo mlango wa yule msichana wa Msambweni. Kuiamini yote si shauri pia. Shauri ni kuifanya simu kuwa hodi, isiwe hukumu. Kijana akijiona katika video, na ajiulize: Msemaji huyu ni nani, na elimu yake ameipata wapi? Anauza kitu? Haya asemayo yalikuwako nilipokuwa mdogo? Yako nyumbani na shuleni pia, au katika somo nisilolipenda tu? Yameniharibia kazi kweli, au yananiudhi tu? Nimelala vya kutosha, nimekula, macho na masikio yangu yamepimwa? Akiisha kujiuliza, asikae na majibu peke yake. Amwendee mzazi, mwalimu amwaminiye, au zahanati, na kutoka hapo hospitali ya rufaa ya Msambweni. Tangu mwaka 1984 Kenya imekuwa na mpango wa vituo vya elimu vya kuwapima watoto wenye mahitaji ya pekee, na mwalimu mkuu aweza kuulizwa habari zake.

Na wakubwa nao wana wajibu wao. Kijana akija na jina alilolipata simuni, wasimcheke wala wasimkemee. Yamkini jina si la kweli, lakini taabu iliyomfanya alitafute ni ya kweli. Ajapo kusema, "Nadhani nina ugonjwa huu," anachosema hasa ni, "Nashindwa, nami sijui sababu." Mzazi anayejibu, "Acha upuuzi wa mitandao," amemrudisha kijana wake kwa wageni wasiomjua. Mzazi anayesema, "Keti, mwanangu, nieleze tangu mwanzo," ameanza tiba kabla ya daktari, hata kama mwisho itaonekana kuwa hapakuwa na ugonjwa.

Mtoto asiyetulia wa Kwale ameitwa mtundu, ameitwa mwenye pepo, ameitwa mvivu, na sasa ameitwa kwa herufi nne. Katika majina hayo yote lililo bora ni lile lililotolewa baada ya kumtazama yeye mwenyewe, kwa macho ya mtu amjuaye na kwa kipimo cha mtu aliyesoma. Majina mengine yote, yawe ya kale au ya kisasa, ni makisio. Wazee walisema kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Simu imetufundisha kuuliza, nasi tuishukuru kwa hilo. Lakini jibu tukalitafute kwa watu.